Kubana Matumizi si Kuinyonga Filamu

Katika siku hizi ambapo kijana mwenye simu ya mkononi anaweza kupiga picha zinazofaa kuonyeshwa ukumbini, wengi wamekuja kuamini kwamba utengenezaji wa filamu umekuwa kazi nyepesi, na kwamba mtu asiye na kampuni kubwa nyuma yake anaweza kuianza leo na kuimaliza kesho. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Kuianza filamu ni rahisi kweli. Kuimaliza ni jambo jingine kabisa. Filamu nyingi za watengenezaji wa kujitegemea hazifi mbele ya kamera. Hufa baada ya kamera kuzimwa, wakati waigizaji wamekwisha kurudi makwao, mfuko umekauka, na picha zimebaki ndani ya kompyuta zikingoja kuunganishwa, kutiwa sauti na muziki, na kusawazishwa rangi.

Je, jambo hili lawahusu watu wa sinema peke yao? Hasha. Fedha inayopotea katika filamu isiyokwisha mara nyingi ni ya ndugu waliochangishana, au ni mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au ni sehemu ya kiinua mgongo cha mzazi aliyemwamini mwanawe. Wakati mwingine ni fedha ya umma, iliyotolewa na idara iliyotaka filamu ya kufundishia afya au kilimo. Mwalimu anayelea klabu ya sanaa shuleni, afisa utamaduni wa wilaya, na mtumishi anayepitisha makadirio ya matumizi, wote hao siku moja hukabidhiwa karatasi yenye safu ya tarakimu na kuulizwa kama zinatosha. Kwa hiyo yafaa tulizungumze waziwazi: ni wapi katika hatua hii ya ukamilishaji mtu anaweza kubana matumizi, na ni wapi akibana anaiua kazi yake mwenyewe?

Jibu la kwanza laweza kumshangaza asiyeijua kazi hii. Akiba kubwa ya hatua ya mwisho hupatikana katika hatua ya kwanza kabisa, kabla kamera haijawashwa. Hebu tufanye hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuisahihisha. Filamu ya dakika 90 ikipigwa kwa nidhamu, hata kila dakika moja itakayoonekana imepigwa mara kumi, mhariri atapokea saa 15 za picha. Filamu hiyo hiyo ikipigwa ovyo, mara arobaini kwa kila dakika, atapokea saa 60. Kuzitazama tu saa hizo 60, bila ya kukata wala kuunga kipande chochote, ni siku saba na nusu za kazi ya saa nane. Nani atazilipa siku hizo?

Hesabu haiishii hapo. Kamera nyingi za kiasi hutumia megabiti 100 kwa sekunde, nayo ni sawa na gigabaiti 45 kwa saa moja. Saa 15 ni gigabaiti 675, na saa 60 ni gigabaiti 2,700. Na kwa kuwa kila picha lazima iwe na nakala zaidi ya moja, kama tutakavyoona mbele, mtengenezaji asiye na mpango hujikuta ananunua diski juu ya diski kwa ajili ya kuhifadhi picha ambazo hazitaonekana na mtu yeyote.

Christopher Nolan, ambaye leo hutengeneza filamu za mamilioni ya dola, alianza kwa filamu iitwayo Following, iliyotoka mwaka 1998. Iligharimu takriban dola 6,000 tu. Yeye na wenzake walikuwa na kazi zao nyingine, hivyo walipiga picha mwishoni mwa juma. Ukanda wa filamu ulikuwa ghali, kwa hiyo waigizaji walifanya mazoezi kana kwamba wanaandaa mchezo wa jukwaani, hata ikatosha kupiga kila tukio mara moja au mbili. Wale walioona bei ya ukanda kuwa kikwazo, yeye aliigeuza ikawa mwalimu. Leo ukanda umetoweka mikononi mwa vijana wetu, na pamoja nao umetoweka mwalimu huyo mkali. Kwa kuwa kubonyeza kitufe hakugharimu kitu, wanabonyeza bila kufikiri, wala hawatambui kwamba deni limehamishwa tu kutoka uwanjani likapelekwa kwa mhariri.

Jambo la pili ni sauti. Hapa ndipo fedha nyingi humwagika bila sababu. Watazamaji huvumilia picha yenye kasoro, na pengine hudhani ni mtindo. Lakini wasiposikia maneno hunyanyuka na kuondoka. Basi mwongozaji anayepiga picha kando ya barabara ya bodaboda, au chini ya paa la bati wakati wa mvua, au jirani na jenereta, akisema kwamba sauti itatengenezwa baadaye, huyo anaandika hundi ambayo hajui kama benki ina fedha. Kumrudisha mwigizaji studioni ayaseme upya maneno yake ni gharama ya studio, gharama ya fundi na gharama ya nauli. Na aghalabu maneno hayo yaliyorudiwa hayana tena uhai wa yale ya kwanza.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kuchagua mahali pa kupigia picha, mtu akae hapo nusu saa kwa saa ile ile atakayopiga, afumbe macho na asikilize. Kipaza sauti kiwe karibu na msemaji, kisiachwe juu ya kamera iliyo mbali. Na kila tukio likimalizika, wote wanyamaze kwa dakika moja, na ukimya wa mahali hapo urekodiwe. Dakika hiyo ya ukimya, ambayo haigharimu hata senti moja, ndiyo humwezesha mhariri kuziba mapengo ya sauti baadaye bila ya mtazamaji kugutuka. Usipoziba ufa, walisema wahenga, utajenga ukuta. Na ukuta wa sauti hujengwa kwa bei ya mji mkuu.

Tatu ni zana. Kuna ugonjwa wa kudhani kwamba filamu nzuri hutoka katika kompyuta mpya na programu ya bei kubwa kuliko zote. Ukweli wa dunia waupinga ugonjwa huo. Filamu ya Korea ya Kusini iitwayo Parasite, iliyotwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora katika sherehe ya mwaka 2020, ilihaririwa kwa programu ya Final Cut Pro toleo la 7, ambayo watengenezaji wake walikuwa wameacha kuiuza tangu mwaka 2011. Mhariri wake aliifahamu, naye hakuona sababu ya kuiacha. Filamu ya katuni iitwayo Flow, kutoka Latvia, iliyopata Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa programu ya Blender, ambayo mtu yeyote anaweza kuipata bila malipo. Ipo vile vile programu ya DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure humtosha mtu kuhariri, kusawazisha rangi na kuchanganya sauti. Ipo hata programu ya bure iitwayo DCP-o-matic, ya kuandaa faili linaloweza kuonyeshwa katika kumbi za sinema.

Na aliye na kompyuta dhaifu asikate tamaa, wala asikimbilie kukopa. Programu hizi humruhusu kutengeneza nakala nyepesi za picha zake, akahariri kwa hizo nyepesi, na mwishoni akairudisha kazi yake juu ya picha zile za asili. Mchagua jembe si mkulima. Linalotakiwa kwanza ni kwamba mtu achague zana moja, ajifunze kuitumia vema, na kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha apeleke kipande cha majaribio cha dakika mbili kutoka kamerani hadi kwenye nakala ya mwisho. Kama kasi ya picha hailingani, au sauti inaachana na midomo, ni heri ayajue hayo kwa dakika mbili kuliko kwa saa 15.

Nne ni mpangilio wa kazi. Filamu isipelekwe kwa fundi wa sauti, wala mtunzi wa muziki, wala msawazishaji wa rangi, kabla picha haijafungwa. Yaani kabla mwongozaji na mhariri hawajakubaliana kwamba hakuna kipande kitakachoongezwa wala kupunguzwa. Tukio moja likifupishwa kwa sekunde tano baada ya muziki kutungwa, muziki hauingii tena, sauti zote zilizo mbele yake zinasogea, na mafundi watatu wanaanza upya. Hapana budi basi kwanza filamu ikiwa bado mbichi ionyeshwe kwa watu kumi wasiohusika nayo, wasioona haya kusema kwamba wamechoka au hawakuelewa. Kioo cha watazamaji kumi ni rahisi kuliko majuto ya baadaye. Vile vile mkataba wa mhariri uandikwe, ukitaja malipo na idadi ya marekebisho yatakayofanywa ndani ya malipo hayo. Bila karatasi hiyo, kazi haiishi, na urafiki huisha.

Wapo wanaouliza kama si heri mwongozaji ahariri filamu yake mwenyewe ili aokoe mshahara. Jibu ni kwamba yategemea kama anajua kazi hiyo. Sean Baker wa Marekani, aliyepiga filamu yake Tangerine ya mwaka 2015 kwa simu, huhariri filamu zake mwenyewe, na mwaka 2025 alipata Oscar ya uhariri kwa filamu ya Anora. Lakini Baker ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kwa kijana anayeanza, njia ya kati ndiyo yenye busara: mkato wa kwanza aufanye mwenyewe, kwa kuwa hapo ndipo atakapoyaona makosa ya upigaji wake, kisha amlipe mhariri mzoefu kwa muda mfupi wa kuunyoosha.

Hadi hapa tumesema juu ya pale panapobanwa. Sasa tuseme juu ya pale pasipobanwa, kwa sababu uwekevu na ubahili si ndugu. Mwekevu hukata kisichohitajika, bali bahili hukata kilichobeba uzito.

Pa kwanza pasipobanwa ni haki za muziki. Kisa cha Charles Burnett chafaa kufundishwa katika kila chuo cha filamu. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitengeneza filamu iitwayo Killer of Sheep, juu ya maisha ya mfanyakazi wa machinjio katika mtaa wa Watts, nayo ilikamilika mwaka 1977. Iligharimu chini ya dola 10,000. Wataalamu waliisifu, na mwaka 1990 ikaingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa la Marekani. Lakini watu wa kawaida hawakuweza kuiona katika kumbi za biashara hadi mwaka 2007. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa na nyimbo ambazo haki zake hazikuwa zimelipiwa, na zilipolipiwa, gharama ilifika takriban dola 150,000, yaani mara kumi na tano na zaidi ya gharama ya filamu yenyewe. Burnett alikuwa mwanafunzi, wala hakuitengeneza kwa ajili ya biashara. Hakuna wa kumlaumu. Lakini miaka thelathini ni umri wa mtu mzima, na filamu ilikaa kabatini umri wote huo kwa sababu ya nyimbo.

Vijana wetu huchukua wimbo uliovuma redioni, wakaupachika chini ya tukio la harusi, wakasema kwamba hakuna atakayejua. Leo mitambo ya kampuni za mtandao huutambua wimbo kwa sekunde chache, na filamu ikaondolewa au mapato yake yakaenda kwa mwingine. Nchi yetu inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na ipo Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ya kumwelekeza anayetaka kujua. Njia iliyo nafuu nayo ipo wazi: wako wapiga zeze, wapiga marimba, vikundi vya taarabu na vijana wa muziki wa kisasa ambao watatunga kitu kipya kwa malipo ya haki na kwa mkataba wa ukurasa mmoja. Filamu itapata muziki wake yenyewe, na mwanamuziki atapata chakula chake.

Pa pili pasipobanwa ni nakala. Nabwana wa Wakaliga, mjini Kampala, amewashangaza watu duniani kote kwa filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, inayosemwa kwamba iligharimu chini ya dola 200. Aliihariri kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kwa vipuri vya zamani. Ni sifa kubwa, na wanaoicheka filamu hiyo hawajui wanachokicheka. Hata hivyo, kwa kukosa nafasi ya kuhifadhia, alilazimika kufuta kompyuta ili aanze filamu iliyofuata, na nakala ya asili haikubaki. Kinachotazamwa leo ni nakala iliyokuwa na sauti ya msimulizi juu yake. Kama bingwa wa ubunifu kama huyo aliipoteza nakala yake ya asili kwa ajili ya diski moja, sembuse sisi? Kanuni ya mafundi ni hii: nakala tatu, katika vyombo viwili vya namna tofauti, na moja kati yake ikae jengo jingine. Umeme ukipiga, mwizi akiingia, au mvua ikivuja, kazi ya mwaka mzima haitakwenda na maji.

Pa tatu ni jasho la watu. Kumwita kijana anayejua kuhariri, akakesha miezi miwili kwa ahadi kwamba jina lake litaonekana mwishoni, si kubana matumizi. Ni kumhamishia yeye gharama. Kama fedha haipo, yako makubaliano ya heshima: kubadilishana kazi kwa kazi, au kumpa sehemu ya mapato iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Asiyelipwa huondoka njiani, na mgeni atakayepokea kazi iliyoachwa katikati atatoza zaidi kwa kuwa lazima aanze kwa kuielewa.

Huenda msomaji akauliza: Je, Robert Rodriguez hakuthibitisha kwamba yote yawezekana kwa fedha kiduchu? El Mariachi, aliyoipiga Mexico, yasemwa iligharimu takriban dola 7,000. Ni kweli, na kuna mengi ya kujifunza kwake. Kwa kuwa kamera yake haikuweza kurekodi sauti, alirekodi sauti kando kwa kinasa sauti cha kawaida, kisha akaioanisha na picha kwa mkono. Na alihariri kwa kanda ya video ili akwepe gharama za kukata filamu. Lakini kisa hicho husimuliwa nusu. Kampuni ya Columbia Pictures ilipoinunua, ilitumia fedha nyingi mara nyingi zaidi ya hizo 7,000 kuitengenezea nakala na sauti ya kuonyeshwa katika kumbi, nayo ikatolewa mwaka 1993. Dola 7,000 zilitosha kuonyesha kipaji. Bei ya kuimaliza filamu ililipwa na mwingine. Je, kila kijana wa Mbeya, Tanga au Pemba aliye na kipaji anaye huyo mwingine wa kumlipia?

Hapo ndipo inapoingia sehemu yetu sisi tusioshika kamera. Mtumishi anayekabidhiwa makadirio ya filamu aulize swali moja tu kabla ya mengine yote: ukamilishaji umetengewa kiasi gani, na je, fedha hiyo imewekwa mbali na mkono unaolipa chakula na usafiri wakati wa kupiga picha? Kwa maoni yangu, isipungue theluthi moja ya fedha yote, na idara isiitoe mpaka picha zote zimekwisha kupigwa na nakala zake tatu zimeonekana kwa macho. Masharti hayo si urasimu. Ni ulinzi wa mtengenezaji dhidi ya shauku yake mwenyewe.

Walimu nao wana hazina ambayo haijatumiwa. Filamu ya Kiswahili ikivuka mipaka, huenda na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, mbele ya watu wengi wasiojua neno moja la lugha yetu. Kwao maandishi hayo ndiyo filamu. Filamu ngapi nyingine nzuri zimechekwa ugenini kwa tafsiri iliyofanywa usiku mmoja na mtu aliyechoka? Mwalimu wa lugha katika sekondari yoyote anaweza kuisoma tafsiri ya filamu ya saa moja na nusu kwa siku mbili au tatu na kuisahihisha, kwa malipo ya wastani ambayo hayawezi kuuvunja mfuko wowote. Mwalimu huyo huyo akiwafundisha vijana wa klabu yake kukaa kimya kwa dakika moja ili kurekodi sauti ya darasa tupu, atakuwa amewapa somo ambalo wengine hulilipia kwa mamilioni.

Lugha yetu ina wasemaji wengi, na ina visa visivyokwisha. Kinachokosekana si visa, wala si kamera. Kila filamu inayoozea ndani ya diski ni kisa ambacho watoto wetu hawatakisikia, na ni fedha ya mtu fulani ambayo haitarudi. Basi anayetaka kubana matumizi na abane, lakini aanze mapema, akiwa bado na kalamu na karatasi mbele yake. Atakayengoja hadi kamera izimwe hatakuta cha kubana, ila filamu yenyewe.